Mahindi Yako ya Bondeni

Kaka,

Mama hajambo, na paa la jiko limezibwa. Mahindi yako ya bondeni yamegeuka njano kabla hayajafika magotini.

Nilikuambia. Ulikuja likizo wakati wa kiangazi, ukaona bonde la kijani, ukasema hapo ndipo penye rutuba, mahindi yapandwe hapo. Ukijani ule ulikuwa wa ndago, kaka, na magugu hayo hustawi pale maji yanapotuama. Mizizi ya mahindi huozea humo. Mahindi yanataka udongo tifutifu unaopitisha maji, kama wa shamba la juu, ambalo umewapa wafyatua matofali bila kumuuliza mama. Nilipopinga ulicheka kwenye simu: "Wewe mtoto, shahada hailimi." Mama akanisihi ninyamaze, eti usije ukatususa.

Jana wafyatua matofali walifika na majembe. Niliwazuia mpakani mwa shamba la juu. Mkubwa wao akauliza, "Kwani wewe nani hapa?" Kabla sijajibu, mama alipita katikati yetu na kikapu cha mbegu, akainama, akaanza kupanda.

Bondeni nitapanda mpunga. Shamba la juu ukilitaka, njoo ung'oe mahindi ya mama kwa mikono yako, naye akikutazama.

Mdogo wako