Bingwa Aliwashindaje?

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa wangu, na kwamba lile goti lako limeacha kutabiri mvua. Sisi huku tunasukuma siku. Mgongo wangu unalia kama springi za kochi kuukuu, na tumbo siku hizi huingia mlangoni kwanza, mimi nafuata. Wifi yako hajambo. Ameiona picha uliyotuma, anasema umenawiri. Mimi nimesema umenenepa, na kwa neno hilo nimenuniwa kutwa nzima kwa niaba yako.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Kwenye simu huniachi nimalize. Nikitaja tu mdogo wetu, wewe umeshaniamuru nimzuie. Nilikusikia, Dada. Ulitaka nimzuie Chuma asipande ulingoni mwisho wa mwezi huu, yaishe kwetu yaliyompata Baba. Basi kaa chini nikueleze nilivyofanya.

Karakana yangu unaijua: chumba kimoja, meza ya kukatia vitambaa, magunia ya sponji hadi darini, na wanaume wasio na kazi wengi kuliko wenye kazi. Hapo ndipo tunapomjadili Bingwa, yule bingwa wa uzito wa juu ambaye Baba alitulea kwa sifa zake kama wengine walivyolelewa kwa maziwa. Hoja ni ileile miaka yote: aliwashindaje majitu yale? Tuna sheria zetu. Anayetaka kusema anakaa kwenye kiti ninachokitengeneza siku hiyo. Akiwa amekaa, hakuna kumkatiza. Akiinuka, maneno yake yamekwisha. Na atakayekubali kwamba ameshindwa anafagia vipande vya sponji sakafuni. Ndiyo maana karakana yangu ni chafu, kwa sababu hakuna anayekubali.

Fundi saa, jirani yangu wa ukutani, anasema Bingwa alishinda kwa miguu. Alicheza mpaka mpinzani akaanza kupigana na kivuli. Mwalimu mstaafu anasema ni mdomo, kwamba aliwatukana wiki nzima kabla ya pambano, wakapanda ulingoni wakiwa wameshapigwa. Fundi saa humjibu kwamba ingekuwa mdomo unashinda ngumi, basi mke wa Mwalimu angekuwa na mkanda wa dhahabu. Mwalimu hukasirika, kisha huomba chai.

Na Chuma? Chuma anasema alivyosema Baba: Bingwa alishinda kwa kukubali kupigwa. Aliegemea kamba, akashusha mikono, akamwacha yule Faru, mpinzani wake mkubwa, amtwange mpaka mikono ya Faru ikachoka yenyewe. Ndipo akamwangusha. Kichwa kilichozoea, anasema, ni kinga tosha. Na hafanyi utani. Mazoezini anashusha mikono na kuwaita vijana waje wampige. Huyo anayepambana naye mwisho wa mwezi ni mpakia mizigo, mikono yake kama milango.

Mimi nilijua hatanisikiliza nikimhubiria. Maishani mwangu sijawahi kupigwa na kitu isipokuwa nyundo yangu mwenyewe, kidole gumba ni shahidi. Nikaona nimpate kwa njia ya mjadala, maana mjadala anauheshimu. Nilikuwa natengeneza kiti kikubwa cha chumba cha kusubiria cha daktari wa meno. Nikakitandika sponji mpya, nikakaa, wote wakashangaa. Miaka yote mimi huwa napiga misumari na kucheka tu.

Nikawaambia nimeitazama ile filamu ya pambano na Faru polepole, nikiisimamisha kila ngumi. Nikawaambia watazame viwiko. Ngumi nyingi ziliishia kwenye viwiko na glovu, na zilizobaki zilimezwa na kamba, kwa sababu alikuwa analala nyuma kila inapokuja. Bingwa hakushinda kwa kupigwa. Alishinda kwa kuwafanya watu waamini anapigwa. Baba hakuliona hilo kwa sababu yeye ulingoni hakuwa na miguu wala viwiko, alikuwa na kichwa tu, akakitoa. Kisha nikasema lile ambalo hatulisemi. Nikasema jinsi Baba alivyokuwa anafunga vifungo vya shati upande. Jinsi alivyoomba chai huku kikombe kitupu kiko mkononi mwake. Jinsi ulivyokuwa unamlisha, naye anakuuliza wewe binti wa nani, na mbona una mikono mizuri hivyo.

Wifi yako, anayenishonea vitambaa, alisimamisha cherehani. Chuma aliinuka, akaenda kwenye kona, akachukua ufagio. Alifagia vizuri, Dada, hadi chini ya meza. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nimemshinda, na kwamba ataenda kumwambia mwalimu wake wa ngumi atafute mtu mwingine. Macho yalikuwa yamemlowa. Fundi saa alijifanya ana kitu jichoni. Mimi nilitaka kukuandikia siku hiyohiyo, barua ya majigambo, nikwambie mdogo wako mwenye tumbo amemwangusha bondia kwa raundi moja.

Namshukuru Mungu sikuiandika.

Kesho yake Chuma alikuja na mfuko wake wa glovu begani, mchangamfu, akakaa kwenye kiti cha daktari wa meno na kuuliza mbona siku hizi hatumjadili Bingwa. Akaanza tangu mwanzo: kamba, mikono chini, Faru kuchoka. Fundi saa akacheka sana, akasema huyu jamaa hakubali kushindwa hata baada ya kushindwa. Nami nilicheka. Nikamuuliza nani alifagia jana. Akatazama sakafu, akasema bila shaka ni mkewe Mwalimu, maana kumefagiliwa kwa hasira. Wote tukacheka. Yeye akatutazama nyusoni mmoja mmoja, kisha ndipo akacheka.

Kicheko kile cha Baba unakijua. Kinachokuja nyuma ya cha wengine, kwa kuwafuatisha. Tulikaa nacho mezani miaka mingapi?

Nikatazama shati lake. Vifungo vilikuwa sawa, nikashukuru. Kisha nikaona wifi yako naye anatazama vifungo.

Basi hilo ndilo nililoshindwa kukwambia kwenye simu. Hatumwokoi asianze, Dada. Ameshaanza. Tangu hapo nimekaa kwenye kile kiti tena na tena, nimesema maneno yaleyale, na kila mara namshinda. Kila mara anafagia, ananishika mkono, anaapa. Ukilala ukiamka, yuko mazoezini. Wala haniongopei. Anakubali kwa moyo wake wote, na moyo haukumbuki. Wengine hawaji tena mjadala ukianza. Mwalimu amesema hawezi kuitazama sura ile ikielewa kwa mara ya kwanza kila siku.

Nilikwenda kwa mwalimu wake wa ngumi. Akaniambia Chuma ni mtu mzima, anafika mapema kuliko wote, na daktari wao amemmulika macho na kumuuliza jina lake na siku, akajibu yote. Nikasema wamuulize ya jana. Akaniuliza mimi ni daktari? Nikasema mimi ni fundi makochi. Akanipeleka hadi mlangoni kwa heshima zote.

Sikuombi uje kumzuia, maana sijui utamzuiaje mtu ambaye kila siku anakubali kuzuiwa. Nakuomba uje tu. Wewe ulimlisha Baba, mimi nilikuwa nashika taa. Nifundishe.

Kiti cha daktari wa meno kimekwisha zamani, wamekidai, nawaambia gundi haijakauka.

Wape wapwa wangu salamu, na shemeji mwambie aendelee kukuvumilia. Wifi yako anakusalimu sana. Chuma yuko hapa nami, amekaa, anasema nikuandikie kwamba anakusalimu, na ukija umletee soksi nene.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Makochi

Dada, kabla sijaifunga bahasha: Chuma ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia. Amefurahi sana. Anasema nikuandikie kwamba anakusalimu, na ukija umletee soksi nene.