Jina Ulilotaka Kulisikia

Mama,

Leo mjukuu wako amegeuka. Nitakueleza, lakini nianze mbali kidogo, maana wewe hukupenda mtu akurukie na habari akiwa bado mlangoni.

Nyumba iko kimya. Patrick alirudi Nakuru na wanawe siku ya nne baada ya kukuzika, na simu zake zimepungua. Simlaumu, ndugu yangu ana kazi. Jirani amekata miwa, kwa hiyo nikisimama mlangoni naiona barabara yote mpaka dukani, na hakuna anayekata kona kuja kwetu. Bado nasonga obusuma, ugali wetu, wa watu wanne, kana kwamba Patrick na wanawe hawajaondoka. Kesho yake unaliwa na kuku. Wamenenepa, ungefurahi.

Unakumbuka siku daktari alipotuambia kwamba koo lako halitapona, turudi nyumbani tukae na wewe vizuri? Nilianza kulia palepale kwenye korido. Ukanivuta mkono. "Wacha kunifanyia matanga na mimi bado natembea." Ukampigia Patrick alete watoto kila wikendi anayoweza. Ukatuvalisha sote kitenge kimoja tupigwe picha. Ukanifundisha kuchuja munyu, chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe, kana kwamba hukuwa umenifundisha mara kumi. Ingokho, kuku wetu wa kienyeji, ilipoiva ulikaa katikati ya wajukuu, umeinamia bakuli la mchuzi usioweza kuumeza. "Nyinyi kuleni na mdomo. Mimi nakulanga na pua." Watoto walicheka mpaka wakakohoa. Mimi pia nilicheka, halafu nikatoka nje.

Ulitaka tuwe na vya kukumbuka. Kila ulichoomba nilikufanyia, isipokuwa kimoja.

"Huyu mtoto mwite Ayuma. Nataka nisikie jina langu likiitwa kwa hii boma, na mtu mwingine aitike."

Binti yangu alikuwa na miezi minne. Jina la ubatizo lilikuwa limelala kwenye kitabu cha kliniki. Sisi tulimwita Toto tu, jina la nyumbani alikuwa bado hajapewa. Na ulijua vizuri kwamba kwetu mtoto hupewa jina la aliyekwisha kwenda. Nimpe lako ukiwa umekaa hapo unanitazama? Niliona kama nakuonyesha mlango. Nikakujibu, "Mama, sitaki kusikia hiyo maneno." Uliomba tena. Mara ya tatu ulicheka: "Wewe unakuanga na kichwa ngumu kama baba yako." Hukuniomba tena. Nikadhani nimeshinda.

Hapo ndipo panaponiuma. Neno moja, Mama. Nilikunyima kwa kuogopa kwamba nikilitamka utaondoka. Nikafunga mdomo, na ukaondoka vilevile.

Baada ya mazishi mashangazi walisema sasa ni sawa, lakini hilo jina niliite mimi mwenyewe kwanza, wao hawawezi kunitangulia. Nikashindwa. Miezi mitatu nimemwita Toto. Nikijaribu, jina linakwama, kwa sababu nikimpa yeye nitakuwa nimekubali kwamba chumba chako hakina mtu.

Leo mchana alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, amenipa mgongo, anang'oa nyasi. Mimi nachambua mboga ya mrenda. Sijui kilichonisukuma. Nikasema, tena kwa sauti ya chini, "Ayuma."

Akageuka. Akageuka haraka, anatabasamu, lakini hakunitazama mimi. Alitazama dirisha la chumba chako.

Nikajiambia ni sauti tu imemshtua. Nikangoja arudi kwenye nyasi zake, nikajaribu majina mengine. "Nafula." Kimya. "Nekesa." Kimya, anang'oa tu. "Ayuma." Akageuka tena, macho kule kule dirishani.

Ndipo nikakumbuka siku za soko. Kila nilipokwenda Lubao na mboga ulinilazimisha nikuachie mtoto. Nikirudi nakuta mlango wa chumba chako umerudishwa, na wewe unanyamaza ghafla, umechoka, uso umejaa ujanja. "Tuko na mambo yetu." Nilifikiri unamwombea. Kumbe miezi yote ile ulikuwa unamfundisha. Uliita, na mtu akaitika kwa namna yake. Ulisikia, Mama. Ulisikia bila mimi.

Nimelia na mrenda mkononi. Kuna mzigo umenitoka, siwezi kukuficha. Lakini pia nimewaonea wivu nyinyi wawili. Mlikuwa na kumbukumbu yenu mle ndani na mimi niko Lubao napigia watu kelele wanunue mboga. Sitawahi kujua uliliita vipi, kama uliliimba au ulimnong'oneza. Yeye hawezi kunieleza, na wewe ndiyo hivyo. Hii nyumba ina watu wawili wanaojua kitu kimoja, na mimi si mmoja wao.

Basi lala, Mama. Toto simwiti tena. Kila nikitoka shambani nitamwita Ayuma kuanzia langoni, kwa sauti kubwa, mpaka jirani aniulize kama niko sawa. Ataendelea kutazama dirisha lako, najua. Nitangoja. Siku atakayogeuka na kunitazama mimi, nitampakata nimwambie ni nani aliyemwita kwanza.

Ni mimi, wa kichwa ngumu,
Rispa