Nimeshindwa Ukuu wa Kitivo, na Moyo Wangu Umetulia

Mpendwa Mama Doreen,

Naomba unisaidie, maana nina jambo ambalo nikimweleza mtu wa karibu atadhani nimechanganyikiwa, na wewe hunijui wala sikujui, kwa hiyo afadhali nikumwagie wewe. Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Baray huku Karatu, na ni mhadhiri katika chuo kikuu kimoja cha umma ambacho naomba nisikitaje, na majina ya watu nimeyabadilisha. Mwaka jana mkuu wa kitivo chetu alikwenda kusoma nje, nikateuliwa kukaimu nafasi yake mpaka uchaguzi, na mama yangu, ambaye amelima vitunguu miaka yote ili mimi nisome, alisikia watu wakiniita "dini", kama tunavyokitamka sisi hicho cheo cha Kizungu cha "dean", basi akaitangazia jumuiya nzima kanisani kwamba mwanawe sasa ni dini wa chuo, na wapo waliodhani nimeingia utawa ingawa mume wangu wanamjua.

Kitivo chetu kina sheria iliyopitishwa na Bodi ya Kitivo, yaani kikao cha sisi wahadhiri, kwamba mwanafunzi ambaye hajajisajili ndani ya wiki mbili tangu chuo kifunguliwe anaahirisha mwaka mzima, na hakuna maelezo yanayosikilizwa. Ilipitishwa kwa nia njema, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanarudi wanavyotaka. Lakini mvua hizi za El Nino, wewe mwenyewe unajua zilivyotufanya.

Kuna binti anaitwa Nanyokie, wa wafugaji wa Kakesio kule Ngorongoro, yuko mwaka wa pili, anasomea ualimu wa hisabati, na kijijini kwao ndiye msichana wa kwanza kufika chuo kikuu. Alifika ofisini kwangu siku za kujisajili zimeshapita, miguu imevimba, akasimama mlangoni mpaka nilipomwambia aketi.

"Mwalimu, barabara imekatika," akasema. "Kutoka kwetu mpaka Endulen tumetembea, mimi na kaka yangu Tajewo. Korongo lilikuwa limejaa, tukalala upande huu kungoja maji yapungue. Endulen nikapata gari la dawa za mifugo, nalo likanasa kule juu msituni. Kufika Mto wa Mbu, maji yamefunika njia."

"Hukuweza kutuma taarifa?"

"Kwa nani, Mwalimu? Hata simu ya upepo, ile redio ya mawasiliano, ilikuwa imekufa."

Mimi nimekulia Baray, najua korongo likishuka linavyobeba mawe na ndama, sikuhitaji shahidi, lakini nilikuwa na sheria mezani na mimi ndiye niliyepewa kuisimamia. Na wiki hiyohiyo akachelewa kijana mwingine, Dennis, ambaye baba yake ni mtu mkubwa serikalini, na huyu kilichomchelewesha ni harusi ya kaka yake. Akaja bwana mmoja wa utawala, mtu wa ngazi ya juu, akakaa, akanisalimu vizuri, akaulizia watoto, halafu akasema, "Huyu kijana mpokee tu, ni jambo dogo. Yule binti wa Kimasai, sheria ni sheria. Ukimwachia yeye, watachelewa wote."

Nikamuuliza kwa nini la mmoja liwe jambo dogo na la mwingine liwe sheria.

Akatabasamu. "Mwalimu, wewe bado ni kaimu. Fikiria mbele."

Nikafikiria mbele kweli, Mama Doreen, na nikaogopa, maana uchaguzi ulikuwa karibu na huyo bwana ana watu wake ndani ya kitivo. Lakini sikumpokea Dennis kimyakimya wala sikumfukuza Nanyokie, niliwapeleka wote wawili mbele ya Bodi. Kikao kilikuwa kirefu na cha maneno makali. Mwenzangu Dkt. Senteu, ambaye kwao ni Loliondo, alipendekeza sheria irekebishwe, aliyechelewa asikilizwe na kamati ndogo, na aliyezuiwa na mafuriko, ugonjwa au msiba apokelewe, na mlango huo uwe mmoja kwa wote. Dkt. Silvanus, aliyekuwa anagombea nafasi ileile niliyokaimu, akapinga. "Sheria inayomfungulia kila mwenye hadithi si sheria tena," akasema, "mwakani kila mtu atakuja na korongo lake." Na siwezi kusema alikuwa anaongea upuuzi.

Tukawaita wanafunzi. Nanyokie akaeleza kama alivyonieleza mimi, bila kuongeza kitu. Silvanus akamuuliza, "Mlipolikuta korongo limejaa, kwa nini hamkurudi nyumbani?"

"Kaka yangu alikataa," akajibu. "Alisema yeye hakusoma kwa sababu ya ng'ombe, mimi nisikose kwa sababu ya maji."

Halafu akaingia Dennis, na kabla hatujamuuliza akasema, "Mimi nilikuwa harusini. Kwetu barabara ni ya lami. Naomba mtu asinisemee." Mama Doreen, yule bwana wa utawala aliyekuja kusikiliza aliinamisha kichwa. Tulipopiga kura marekebisho yalipita, na nilimwona Silvanus naye ameinua mkono kuyaunga. Nanyokie akaruhusiwa kuendelea, ila Seneti ya chuo haijathibitisha, na isipothibitisha mwaka wake bado unaweza kufutwa. Dennis ameahirisha, na alikuja kuniaga kwa heshima.

Wakubwa hawakufurahi. Uchaguzi ulipokuja maneno yalipitishwa chinichini kwamba mimi ni mkaidi, na Silvanus akashinda kwa kura chache. Sasa Senteu amegundua kwamba wahadhiri wa muda, ambao kwa kanuni hawana kura, walipiga kura. Amesema, "Dada, tukikata rufaa uchaguzi unafutwa, na ukirudiwa unashinda wewe." Wenzangu wanazunguka wakikusanya saini, na wanangoja yangu.

Ukweli ni huu, Mama Doreen, matokeo yaliposomwa nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nilitoka nje nikanunua hindi la kuchoma nikalila nimesimama barabarani, nacheka peke yangu, maana tangu nikaimu nilikuwa sifundishi sawasawa, nashinda nikiamua ugomvi wa ofisi na viti, na wanangu nawakuta wamelala. Kesho yake Silvanus akanifuata, akasema, "Sikukuombea ushinde, hilo unalijua. Lakini yale marekebisho nitayapeleka Seneti, na naomba twende wote ukayaeleze." Nikamwamini.

Sasa niko Baray kwa likizo, mama amenenepesha mbuzi wa shukrani kwa cheo changu, anaalika jumuiya, na hajui kwamba nimeshindwa. Nikiwaambia wenzangu kwamba nimefurahi, je, si nimewauza? Na watu hawatasema mwanamke alipewa kiti kikamshinda? Nifanyeje, na je, huu unafuu ni dhambi?

V.S., Baray, Karatu.

*

Mwalimu V.S.,

Pole kwa uliyopitia, na hongera. Furaha yako si dhambi. Ulipoambiwa ufikirie mbele uliogopa, kisha ukafanya haki huku unaogopa, na cheo kikaenda. Aliyefanya hivyo ana ruhusa ya kula hindi barabarani na kucheka peke yake. Wako waliobaki na cheo na hawajacheka siku nyingi.

Ila nina ugomvi na wewe. Unafuu wako ni halali, lakini kimya chako kinawagharimu wengine. Wenzako wanahangaika juani kukutafutia kiti usichokitaka, na wewe umekaa Baray unaandikia gazeti. Mama yako anaalika watu kwa jambo ambalo halipo. Hapo ndipo unapowakosea, mwanangu.

Kuhusu watu watakavyosema juu ya mwanamke na kiti, niambie, hapo chuoni wanaume wangapi wamewahi kushindwa uchaguzi? Kuna aliyesema basi wanaume hawawezi? Kiti hicho ulikikalia na ukaamua jambo gumu mbele ya watu. Anayetaka kukuhukumu aanzie hapo.

Sasa lile unalolikwepa, nalo ni kura za wasio na haki ya kupiga kura. Najua unatamani lizikwe, kwa kuwa kosa hilo limekupa mapumziko. Halizikwi. Ulimwambia yule bwana kwamba kanuni haiwezi kuwa jambo dogo kwa mmoja na sheria kwa mwingine. Basi haiwi jambo dogo kwa sababu safari hii imekufaa wewe. Usiwaombe wenzako wanyamaze. Mpigie Dkt. Senteu simu kutoka Karatu mjini, umwambie hivi: "Malalamiko yapelekeni, na mimi nitasaini kwamba utaratibu ulivunjwa. Lakini uchaguzi ukirudiwa mimi sigombei, tafuteni mtu mwingine mapema." Atakasirika kidogo. Akiwa rafiki, atapoa. Na Dkt. Silvanus mwambie wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Mtu aliyeinua mkono kukubali hoja aliyoipinga ataweza kulisikia na hilo.

Seneti uende, na usimtume mtu. Marekebisho yasipothibitishwa, yule binti atarudishwa Kakesio akiwa hana kosa, na wewe utakuwa umeshangilia mapema. Ongea na Nanyokie, Tajewo alete barua ya serikali ya kijiji, na ujiandae kwa swali la Silvanus la kila mtu kuja na korongo lake, kwa sababu kule watakuuliza hilohilo. Ukiona Silvanus anarudi nyuma, ongea wewe.

Mama yako mwambie leo, kabla hujalikunja gazeti hili. Mfuate shambani, shika jembe, mlime kwanza kidogo. Mweleze kwamba cheo kimekwenda kwa mwingine, kisha mweleze habari za msichana aliyevuka maji ili asome. Mwanamke aliyemsomesha binti kwa vitunguu hatahitaji maelezo marefu. Akinung'unika, mwache anung'unike, ni haki yake. Mbuzi achinjwe hivyohivyo, na jumuiya waambiwe kweli wanashukuru nini.

Halafu likizo ikiisha rudi chuoni, wakabidhi wenyewe ofisi yao, uingie darasani kabla ya wanafunzi, ufute ubao, uanze kufundisha.

Mama Doreen.