Saa ya Mkono ya Marehemu Baba

Jumanne, Mandewa

Bado najilaumu. Juzi nilimrudishia mama saa ya mkono ya marehemu baba. Niliisafisha kama zile kuukuu ninazokusanya, nikaiweka sawa na simu. Ilikuwa imepishana na simu kwa saa sita kamili, wala sikujiuliza kwa nini.

Kumbe baba aliitega hivyo makusudi: ikiwa saa mbili asubuhi, mshale mfupi uwe kwenye mbili. Mama hunywa dawa ya presha kwa mshale huo.

Leo nimemkuta ameegemea ukuta, ana kizunguzungu.

“Shikamoo mama. Dawa umekunywa?”

“Marahaba. Nangoja mshale ufike kwenye mbili. Toka juzi, asubuhi imekuwa ndefu, mwanangu.”

Ilikuwa saa saba mchana.

Nimeurudisha mshale alikouweka baba. Mama akaitazama.

“Sasa imepona.”