Kitambaa cha Rangi Zote

Jumamosi, 14 Juni 2025 — Louisville

Tumeshinda! Bao langu. Kona, kichwa, wavu. Golikipa wao bado analitafuta.

Nimecheza na kitambaa cha nahodha chenye rangi za upinde wa mvua, zile za wapenzi wa jinsia moja. Kocha alikileta, akasema si lazima. Wote wakaanza kuangalia viatu. Nahodha akasema anampa mwingine nafasi — mkarimu ghafla! Bon, nikakichukua mimi. Mimi Bagula, ambaye kutoka Bukavu hadi Nairobi wasichana wananijua kwa mwendo!

Sababu ni Cikuru, mdogo wangu wa kiume, yule wa Buffalo. Anapenda wanaume. Siku aliposema, nyumbani wote waliacha kupokea simu yake. Nimebaki mimi.

Leo ameniandikia: Grand — ndivyo anavyoniita mimi kaka yake — nimekuona. Basi.

Kabla sijamaliza kuoga, picha imeshafika WhatsApp za makanisa yote.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani hapa Highview mchungaji amenisalimu kwa ncha za vidole. Nimemuuliza kama anaogopa rangi itamshika. Hakucheka.

Aksanti, mchumba wangu, amepiga kutoka Columbus. Baba yake anataka kuniona. Donc, ndoa ya Agosti ina mashaka. Nimesema sawa. Nimeweka miguu kwenye barafu. Sikusikia baridi.

Jumatano, 18 Juni — Columbus

Papa Bisimwa, baba ya Aksanti, shemasi. Alinilisha kwanza: bugali, sombe, samaki. Kitenge cha ndoa kimeshakatwa, kila mtu wa upande wangu na kipande chake. Niliposhiba ndipo akasema: Mtoto yangu, kwetu mwenye kuvaa kitenge cha ndoa ni mtu wa ile ndoa. Wewe umevaa kitambaa chao. Sasa niambie, uko nani?

Nikamjibu kwamba kifuani navaa pia tangazo la bima ya magari, na sijawahi kumuuzia mtu bima. Alicheka hadi akakohoa! Mama Aksanti akaleta maji. Kicheko kikaisha, mzee akabaki palepale. Jumapili, mbele ya kanisa lake, niseme klabu ilinilazimisha. Na Cikuru asije kwenye ndoa. Hakuna kipande chake.

Si mtu mbaya. Nilipofika Amerika nililala kitandani kwake, yeye akalala kwenye kochi.

Aksanti alinisindikiza hadi garini. Sema tu, ni sentensi moja, Mungu anajua moyo wako, Cikuru ataelewa. Alikuwa analia. Mimi nikatazama basi la Morse Road likipita. Ndani yangu hakuna kitu. Kama nyumba iliyokatwa umeme.

Jumamosi, 21 Juni — Buffalo

Mechi ya kirafiki. Tumefungwa. Nimekosa penalti — mimi! Golikipa hakuruka hata. Mpira ulimwendea wenyewe kama kuku anayerudi bandani.

Nimeomba ruhusa nisirudi na timu. Nimekwenda kwa Cikuru, North Buffalo. Anahudumia wazee, nilimkuta bado na sare ya kazi, anakaanga ndizi. Nimemweleza yote. Akageuza ndizi upande wa pili.

Grand, sema tu. Mimi nimezoea.

Nimezoea! Neno gani hilo? Nikala ndizi zote. Sijui kama zilikuwa na chumvi.

Halafu nikamwambia: twende Columbus, washa gari lako. Kufanya nini? Nikasema sijui, vaa viatu.

Jumapili, 22 Juni — Columbus

Naandika kwenye simu, nimeificha nyuma ya Biblia. Kwaya inaimba. Cikuru yuko nje garini. Amekataa kuingia, eti asiniharibie.

Papa Bisimwa amejaribu maikrofoni, moja, mbili, akanitazama kwa upendo kabisa. Hilo ndilo baya. Afadhali angekasirika. Aksanti yuko kwenye kwaya, anaimba macho chini.

Sentensi ninayo. Klabu ilinilazimisha. Nimeisema kimoyomoyo. Inapita vizuri, haina mfupa.

Kwaya imeketi. Mchungaji: ndugu yetu Bagula ana neno. Watu wanageuka. Moyo haupigi mbio hata kidogo — ajabu.

Nimemwandikia Cikuru: ingia, ukae na mimi mbele yao wote. Amesoma. Maikrofoni inapita mkono kwa mkono. Imefika kwa mama wa mbele yangu, ananinyooshea, na nyuma nimesikia mlango ukifunguka —