Nimekuona Kwenye Sinema

Mke wangu Mama Magesa,

Bwana asifiwe. Hapo Murangi mmeamkaje? Magesa anaendeleaje na shule, na mguu wa mama umepata nafuu? Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia tangu Jumamosi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatisha.

Nilikwambiaga kwamba jumba la sinema ninalofanyia usafi huku Uholanzi lina tamasha la filamu za nchi nyingi, zinashindania tuzo. Siku hizo sisi wa usafi tunawekwa milangoni kukagua tiketi. Niliposikia inaanza filamu ya Tanzania, nikasogea ndani nisikie Kiswahili kidogo. Nikaona ziwa. Nikaona mtumbwi wetu wa bluu. Halafu nikakuona wewe, Nyanjura, umeshika kasia, unawaamuru wanaume wawili wavute nyavu.

Nilidhani macho yananidanganya. Mimi najua unauza nyanya mnadani. Mtumbwi najua tumeukodisha.

Ukageukia kamera, umetulia kama unaongea na jirani. Ukasema: "Waliokodi walikuwa wanatuibia, nikaingia ziwani mwenyewe. Mwaka jana tulipinduka. Nilishikilia dumu mpaka wavuvi wengine wakaniokota. Mume wangu nilimwambia nina malaria. Ningesema kweli, angeacha kazi."

Wiki ile nilikuwa nakuombea homa ishuke, kumbe ilibaki kidogo nikuzike. Nikajikuta nimeita jina lako kwa sauti. Watu wote wakageuka, msimamizi akanishika mkono akanitoa nje.

Aliyetengeneza filamu, yule binti wa Mwanza, Rehema, akanifuata mpaka kwenye ngazi.

"Kaka, umemwita nani?"

"Nyanjura. Ni mke wangu."

Akakaa chini palepale. "Mama Magesa alinikataza nisikutafute," akasema. "Aliniambia wewe sinema huangaliagi."

Siku ya mwisho majaji wakatoa tuzo kubwa kwa filamu ya nchi nyingine. Rehema akapewa ya pili. Jina la Murangi lilipotajwa, ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi, mimi nikashindwa hata kuinua mikono. Wageni wale walikuwa wanajua habari zako kuliko mimi.

Sikulaumu, mke wangu. Ulibeba peke yako mzigo wa watu wawili. Ila mpaka leo nikishika ufagio nasimama tu, nakuona ndani ya maji. Tafadhali usiingie tena ziwani bila jaketi la kuokolea. Bosi nimeshamwambia kwamba mkataba ukiisha siongezi. Nakuja. Kama utakasirika, kasirika nikiwa nimeshafika.

Nisalimie mama, na mwanetu, na mchungaji aliyetufungisha ndoa. Kaka yako Manyama naye mpe salamu. Mwambie nimemwona kwenye filamu, amekaa ufukweni anashona nyavu zako na kucheka, na kwamba mimi na yeye tutaongea.

Ni mimi mumeo,
Baba Magesa