Seva Inabeba Tisa

Jumatatu, 4 Novemba 1996
Mvua tangu saa nane. Nimepangusa skrini zote kumi na sita, kama kila Jumatatu. Halafu nikajaribu seva, ile mashine moja inayobeba kazi ya kompyuta zote za chuo. Mtihani wa kuchapa ni Ijumaa, wanafunzi kumi na sita kwa mpigo. Leo waliandika ukurasa mmoja, nikasema "sasa", wakahifadhi wote. Hakuna shida. Mkuu wa chuo ameshaandika barua kwamba tuko tayari.

Jumanne, 5 Novemba
Adabu imenidanganya. Leo nilisimama nyuma yao. Kumbe nikisema "sasa", hakuna anayegusa kibodi mpaka Mama Rael amalize. Yeye ni karani wa shule huko Siongiroi, ana wajukuu wawili. Halafu anayemfuata kwa umri, halafu mwingine. Kama wananawa mikono wale. Kijana mmoja ananiambia, "Mwalimu, hatuwezi kumtangulia mama." Ati hawawezi! Nikafoka. Hata Mama Rael nilimwambia hapa si harusini. Aliangalia chini. Sijutii.

Tukarudia, wote pamoja kweli. Seva ikaganda, kazi yote ikapotea. Tukapunguza watu mmoja mmoja. Inabeba tisa. Akiongezeka wa kumi, kwisha.

Jumatano, 6 Novemba
Mkuu hataki kusikia. "Madam, Jumatatu ilifaulu. Usiniletee maneno." Nikamwomba tufanye makundi mawili, asubuhi na mchana. Amekataa. Barua imeenda, ataonekana mwongo. Si ni mwongo? Nina hasira mpaka chai imenishinda.

Atakayeumia si yeye. Shule imempa Mama Rael mpaka Desemba awe na cheti, la sivyo meza yake inapewa mtu mwingine. Miaka kumi na tisa kwenye hiyo meza.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimewapanga mwenyewe, bila kumwambia Mkuu. Tisa wahifadhi kwanza, saba wafuate. Mama Rael yuko kwa wale tisa. Mazoezi mara nne. Hakuna kuangaliana, hakuna kungojana. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka.

Ijumaa, 8 Novemba
Nataka kuvunja kitu.

Msimamizi alitoka Nairobi, saa mkononi, hacheki na mtu. Mwishoni akasema wana dakika mbili za kuhifadhi. Mimi nilikuwa mlangoni, siruhusiwi kuingia. Mama Rael alinyoosha kidole abonyeze. Msichana wa kando yake, wa kundi la pili, aliingiwa na hofu, akabonyeza kabla ya zamu yake. Mama Rael aliona. Akaondoa mikono, akaiweka kwenye mapaja.

Seva haikuganda. Wale tisa wakapita. Wengine wakafuata, huyu sasa, huyu baadaye, wameshachanganyikiwa. Yeye bado mikono mapajani. Nilitamani kupiga ukelele, nikaogopa watamfukuza. Dakika zikaisha, msimamizi akazima umeme ukutani.

Nilimfuata nje, nikamuuliza kwa ukali mbona hakuingia na kundi la pili.

"Sikujua wamebaki wangapi, mwalimu. Niliogopa kuwa wa kumi."

Aliandika kurasa tatu safi. Hakuna hata mmoja uliobaki. Namchukia Mkuu. Na mimi nilijua tangu Jumanne, na badala ya kukataa nikapanga ujanja. Najichukia pia.

Jumatatu, 11 Novemba
Mkuu ameleta fomu. Anataka niandike kwamba mtahiniwa hakumaliza kazi. Nimeandika kwamba alimaliza, kwamba seva inabeba watu tisa, na kwamba chuo kilijua siku tatu kabla. Nikaweka jina langu lote na sahihi. Ameisoma amesimama. Ameniambia nitafute kazi kwingine. Nimemwambia sawa.

Mama Rael alipita mchana kurudisha kitabu cha kuchapa. Alikuwa amekifunika kwa gazeti kisilowe. Akauliza mtihani mwingine ni lini.

Nikamwambia Juni.

Alifikiria kidogo. "Kongoi, mwalimu," akashukuru kwa lugha ya kwao, akanipa mkono, akaenda stendi.